Nani Kasema Hajawa Tayari?

Matusi kwa mateja yamepungua siku hizi, walau mbele za watu. Mahali pake imeingia sentensi ya upole: "Huyu bado hajawa tayari." Utaisikia kwa shangazi aliyeibiwa televisheni, kwa imamu na kwa mchungaji, kwa ofisa ustawi wa jamii, kwa mshauri nasaha mwenye cheti ukutani, hata kwa kijana aliyeacha unga na sasa anaalikwa kwenye semina kutoa ushuhuda. Inasikika kama hekima, kwa kuwa haimtukani mtu wala haimfukuzi. Nami nasema inaua, tena inaua kimyakimya kuliko virungu vya msako, maana anayeitamka hurudi kwake akalala usingizi mzuri, akiamini ametenda haki.

Imani iliyo nyuma ya sentensi hiyo ni kwamba mtu aliyenaswa na unga, pombe, sigara au kamari hupanda ngazi. Akiwa chini kabisa hana habari kuwa ana tatizo. Baadaye huanza kulitafakari, kisha hujiandaa, kisha huacha, kisha hujishikilia asirudi. Kazi ya wengine ni kungoja apande mwenyewe. Ukimshika mkono kabla ya wakati wake, unapoteza fedha na nguvu zako bure. Wazee huongezea kwamba mtaka cha uvunguni sharti ainame, na kikao cha ukoo kinafungwa kwa dua.

Ngazi hiyo ina wenyewe. James Prochaska na Carlo DiClemente, wanasaikolojia wa Marekani, waliieleza mwaka 1983 baada ya kuwachunguza watu 872 waliokuwa wakibadili tabia yao ya kuvuta sigara kwa juhudi zao wenyewe. Nayataja hayo kwa makusudi. Ilikuwa sigara, na walikuwa watu wasio na daktari wala dawa katikati. Kutoka hapo ngazi ilipelekwa kwenye pombe, kwenye unene, kwenye mazoezi ya mwili, na mwishowe kwenye heroini, kana kwamba anayetamani sigara baada ya chakula na anayetapika nyongo kwenye sakafu ya mahabusu wako safari moja.

Niwatendee haki wenye nadharia. Kabla yao, mshauri alimhutubia kila mlevi kwa hotuba ileile, na asiyeisikiliza aliitwa mkaidi. Wao walisema hapana, mkute mtu alipo, zungumza naye kwa kadiri ya alipofika, na akirudi kwenye tabia yake usishangae, maana wengi hurudi kabla ya kuacha moja kwa moja. Maneno hayo yalikuwa ya kiungwana. Ila njiani, kati ya kitabu na dirisha la mapokezi, maelezo ya jinsi watu wanavyobadilika yakageuzwa sharti la kupewa msaada. Ngazi ikawa lango, na langoni akawekwa bawabu wa kuuliza: umekusudia kweli?

Hata kama maelezo, ngazi yenyewe ina nyufa. Kwa mujibu wake, anayepanga kuacha ndani ya siku 30 zijazo yuko kwenye kujiandaa. Anayepanga kuacha ndani ya miezi 6 yuko kwenye kutafakari. Basi anayesema ataacha baada ya siku 31 ni mtu wa aina nyingine? Robert West, profesa wa London aliyeshughulika na uvutaji sigara kwa miaka mingi, aliandika mwaka 2005 kwenye jarida la Addiction kwamba mistari hiyo imechorwa kwa kubuni tu na kwamba wakati umefika wa kuizika nadharia hii. Mwaka uliofuata, yeye na Taj Sohal wakachapisha kwenye jarida la madaktari la Uingereza matokeo ambayo yangepaswa kubandikwa kwenye kila chumba cha ushauri nasaha. Katika wavutaji waliowahi kujaribu kuacha, karibu nusu, asilimia 48.6, waliamua na kuacha papo hapo, bila maandalizi yoyote. Na hao wasiojiandaa ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufikisha miezi 6 bila sigara kuliko waliopanga na kupangua.

Tafakari maana yake. Nusu ya watu hawakupita kwenye ngazi. Jana yake ungewauliza wangekujibu kwamba hawana mpango wowote. Bawabu wetu angewaandikia "hajawa tayari", arudi mwezi ujao.

Huo ni moshi tu. Tuje kwenye unga, ambako kusubiri kuna bei nyingine.

Anayetumia heroini anaishi kwa saa ya mwili. Kete moja humshikilia saa chache, kisha arosto inabisha hodi: miayo, machozi na kamasi, vipele vya baridi katikati ya joto la Dar es Salaam, tumbo kukata, mifupa kuuma kama imepondwa, na usingizi usiokuja. Mwenye arosto hatafuti raha, anatafuta kuacha kuumwa. Asubuhi anahangaika na vyuma chakavu au anapiga debe kituoni ili apate ya kutoa arosto; akishaipata, kwa saa moja au mbili akili inatulia, na hapo ukimkuta atakwambia kwa macho makavu kabisa kwamba amechoka na haya maisha. Mchana unga unaanza kuisha mwilini, na yuleyule atakukimbia. Jioni amekamatwa, amelala sakafuni, na angekubali tiba yoyote ungempa. Je, mtu huyu yuko ngazi ya ngapi? Kwa siku moja amezipanda na kuzishuka zote. Utayari wake unakuja na kuondoka kwa saa, na anayempima mara moja, Jumanne saa nne asubuhi, kwa fomu, anapima saa aliyomkuta.

Nani anauliza ni nini kilikuwepo karibu katika saa zile mbili alizosema amechoka? Kama kilichokuwepo ni pusha kona ya pili na kituo cha tiba nauli mbili za daladala kutoka hapo, jibu unalo.

Kuna jaribio moja la huko New Haven, Marekani, ambalo ningependa kila mwenye kauli ya "tayari" alijibu kabla ya kuendelea kuongea. Gail D'Onofrio na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale waliwachukua wagonjwa 329 waliofika idara ya dharura wakiwa na uraibu wa heroini au dawa za jamii yake. Wapo waliofuata tiba ya uraibu, wapo waliokuja kwa sababu nyingine kabisa na wakagundulika walipoulizwa. Waligawanywa makundi matatu kwa kura. Kundi la kwanza walipewa orodha ya mahali pa kupata tiba. La pili walizungumziwa kwa dakika chache, kwa ustadi, kisha wakaunganishwa na kituo. La tatu walizungumziwa vilevile, lakini pia wakaanzishiwa buprenofini, dawa inayotuliza arosto, hapohapo dharura. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Baada ya siku 30, waliokuwa ndani ya tiba walikuwa asilimia 37 katika kundi la orodha, asilimia 45 katika kundi la mazungumzo, na asilimia 78 katika kundi lililopewa dawa.

Watu walewale, hospitali ileile, kura ndiyo iliyoamua nani aende wapi. Nia zao zilikuwa sawa walipoingia mlangoni. Kilichotofautiana ni walichokutana nacho ndani. Kama utayari ungekuwa kitu kinachoiva chenyewe kifuani mwa mtu, makundi matatu yangetoka sawasawa. Hayakutoka sawasawa, hata kwa karibu. Basi sehemu kubwa ya kile tunachokiita utayari wa mgonjwa ni matokeo ya tiba, nasi tumekuwa tukiudai utayari huo uwe ada ya kiingilio.

Najua kinachofuata, maana hukisikia kila nikifika hapa: buprenofini na methadoni si ni kubadilisha ulevi kwa ulevi? Sitakaa sana hapo. Vincent Dole na Marie Nyswander walionyesha New York mwaka 1965 kwamba methadoni, ikinywewa kwa kipimo kinachotosha, humkalia mtu siku nzima bila kumlewesha, na kumwachia akili ya kufanya kazi na kulea. Tanzania ilifungua kliniki ya methadoni Muhimbili mwaka 2011, Kenya ikaanza hospitali ya Mathari Desemba 2014, na pwani ya Kenya ikafuata, Malindi na Mombasa, mwaka 2015. Anayetaka kujua kama dawa hiyo ni ulevi, aende asubuhi moja kwenye dirisha la dozi aone watu wanavyokunywa kikombe chao na kukimbilia kazini.

Hapohapo kwenye dirisha la dozi ndipo sentensi yetu inafanya madhara mengine, safari hii kwa mtu aliyekwisha kukubali tiba. Kijana anaanza methadoni. Wiki ya tatu anaonekana tena maskani. Hukumu inatoka siku hiyohiyo: tulisema, hakukusudia. Hakuna anayeuliza anakunywa kiasi gani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009, lilipendekeza kwamba dozi ya kuendelea nayo iwe kwa kawaida kati ya miligramu 60 na 120 kwa siku. Anayebaki chini sana ya hapo, ama kwa uwoga wa mtoa dawa ama kwa kuwa nduguze wanamshawishi apunguze haraka ili "awe huru", ataamka saa tisa usiku na arosto, na arosto haijui nia.

Lipo kubwa zaidi, na katika nchi zetu lina uzito wa pekee. Wengi wanaojidunga wana virusi vya Ukimwi, na wengi wamepata kifua kikuu. Rifampisini, dawa iliyo kiini cha tiba ya kifua kikuu, huchochea ini liivunje methadoni haraka. Efavirenzi na nevirapini, dawa za kufubaza virusi zilizotumika kwa miaka mingi, hufanya hivyohivyo. Mtu aliyekuwa ametulia kwenye dozi yake anaanzishiwa vidonge vya kifua kikuu, na ndani ya siku chache, bila yeye kubadili chochote, methadoni ileile haimtoshi tena. Anatoka jasho, hakai kitako, anakwenda kununua kete. Dawa ya hilo ni kumpandishia dozi. Lakini pale ambapo kila mtu amefundishwa kutazama nia, nani atatazama ini? Wangapi wameandikwa "mtoro" ilhali kilichowatoroka ni methadoni yenyewe mwilini mwao?

Na kwa kuwa nimeutaja utoro, nimalizie hasira yangu hapo. Tanzania ilianzisha mpango wake wa taifa wa kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, na kazi aliyoifanya Karel Styblo pamoja na madaktari na wauguzi wa nchi hii ndiyo iliyokuwa msingi wa mkakati ambao Shirika la Afya Duniani liliueneza duniani kote miaka ya 1990. Sehemu ya siri yake ilikuwa rahisi: mgonjwa anamezeshwa dawa mbele ya mtu, na asipotokea, anatafutwa. Mhudumu anapanda baiskeli, anauliza kwa balozi, anabisha hodi, anamkuta mgonjwa amelala, anamwambia ndugu yangu tumekukosa juzi, vipi? Hakuna anayekaa ofisini akisema mgonjwa wa kifua kikuu hajawa tayari kupona. Elimu ya kumfuata mtu tunayo, tena tuliifundisha dunia. Methadoni nayo kwa kawaida hunywewa mbele ya mhudumu, kila siku. Tofauti ni kwamba teja akikosekana, mara nyingi kukosekana kwake kunahesabiwa kuwa jibu.

Wapo waelimishaji rika wanaozunguka maskani wakiwatafuta waliopotea, wengi wao wakiwa wenyewe wamepita humo. Kazi yao naiheshimu kuliko ya wenye semina. Lakini waulize hukuta sababu gani. Watakutajia nauli. Watakutajia bosi asiyeruhusu mtu achelewe kila asubuhi kwa sababu ya dozi. Watakutajia askari anayejua njia wanayopita wagonjwa na kuvizia hapo. Mambo hayo yana majina na bei, na yote yanaweza kuondolewa na mtu mwingine asiye mgonjwa.

Kwa mwanamke ni zaidi. Nyumba nyingi za soba, wanakokaa wanaoacha unga, zilijengwa kwa ajili ya wanaume. Mwanamke anayetumia unga akitaka kuingia, kwanza hana kitanda. Pili hana wa kumwachia mtoto. Tatu, akijulikana, atapoteza mtoto huyo na jina lake mtaani kwa pamoja. Nne, mara nyingi mwanamume anayeishi naye ndiye anayemletea kete na ndiye atakayempiga akisikia anakwenda kliniki. Kisha anaonekana mara chache kwenye tiba, na semina inatangaza kwamba akina mama wanakuwa wagumu kukubali hali yao. Sijui ni ujasiri gani unaohitajika kumwambia mtu asiyetengewa kitanda kwamba tatizo liko moyoni mwake.

Ndugu wa karibu wa "hajawa tayari" ni "mwache afike chini kabisa". Huyu ni mkali zaidi na ana mashabiki wengi, maana anafanana na methali yetu ya asiyefunzwa na mamaye kufunzwa na ulimwengu. Asili yake nayo inajulikana. Chama cha Walevi Wasiojulikana kilianza Akron, Ohio, mwaka 1935, na kutokana na simulizi za wanachama wake likakua wazo kwamba mlevi sharti agonge mwamba ndipo ageuke. Mwaka 1946 E. M. Jellinek alichambua madodoso yaliyosambazwa kupitia jarida la chama hicho na kutoa picha ya hatua ambazo mlevi hushuka. Madodoso aliyoyatumia yalikuwa 98, yote ya wanaume. Baadaye daktari Max Glatt wa Uingereza akaichora picha hiyo kama bonde: upande mmoja mtu anateremka, chini kuna mwamba, upande wa pili anapanda kwenye nuru. Mchoro wa kuvutia. Tatizo lake ni kwamba umechorwa kutokana na waliopanda tu. Waliogonga chini na kubaki huko hawakujaza dodoso.

Kwa unga, chini ni kaburi, na hapa zipo hesabu. Mwaka 2017 Luis Sordo na wenzake walikusanya tafiti za nchi mbalimbali na kuonyesha kwamba watu walio ndani ya tiba ya methadoni hufa kwa kiwango cha 11.3 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka, na wakiwa nje ya tiba kiwango hicho ni 36.1. Zaidi ya mara tatu. Kila mwezi wa "tumsubiri kwanza" unatumika kwenye namba ya pili. Anayesema mwache afike chini angeulizwa ni ndugu yake yupi yuko radhi kumweka kwenye hesabu hiyo, na kwa muda gani.

Watapinga wenye ushuhuda, na kwao nazungumza kwa adabu. "Mimi niliacha kwa nia yangu," atasema mmoja, "nilikataliwa na mama, nikalala mtaroni, ndipo nikaamka." Namwamini. Simnyang'anyi hata chembe ya alichokifanya, na nia ilikuwepo. Ila ukikaa naye baada ya semina, soda ikiwa mezani, simulizi inaongezeka watu. Kulikuwa na mzee wa msikiti aliyemruhusu kulala ghorofani. Kulikuwa na dada aliyemtumia nauli ya kwenda Bagamoyo. Kulikuwa na fundi gereji aliyempa spana mkononi wiki ya pili bila kuuliza maswali. Hao hawapandi jukwaani, kwa sababu ushuhuda unataka shujaa mmoja. Na katika mtaro ule walilala wengine, wenye mama wakali vilevile na maumivu vilevile, ambao leo hatuwezi kuwauliza waliamka lini.

Wapo wengine ambao tumekuwa na majibu yao kwa nusu karne na hatuyatumii. Lee Robins aliwafuatilia wanajeshi wa Marekani waliorejea kutoka Vietnam mwaka 1971. Karibu mmoja kati ya kila watano alisema alikuwa mraibu wa heroini akiwa huko. Waliporudi kwao, katika mwaka wa kwanza ni kama asilimia 5 tu ya waraibu hao waliorudia uraibu, na ndani ya miaka mitatu ni asilimia 12, tena wengi wao kwa muda mfupi. Haifai kulivuta jambo hili kuliko linavyofika. Wengi wao walivuta badala ya kujidunga, na hawakuwa wametumia kwa miaka mingi. Lakini hawakupanda ngazi yoyote kwa pamoja ndani ya ndege. Walichofanya ni kuliacha nyuma eneo lenye heroini ya bei chee, vita na marafiki wa kutumia nao, wakarudi penye kazi na familia.

Linganisha na tunavyofanya sisi. Kijana wa Tandika anachangiwa na ukoo ada ya nyumba ya soba, anakwenda mbali na mtaa wake, anakaa miezi kadhaa, ananenepa, anasali, anasimama mbele ya wenzake kuhesabu siku zake. Kila mtu anasema sasa amekusudia. Kisha anarudishwa chumba kilekile, dirisha lilelile linalotazama maskani ileile, hana kazi, na pusha anamsalimia kwa jina na kumpa kete ya kwanza bure. Akianguka, nia ileile iliyosifiwa mwezi uliopita inatangazwa kuwa haikuwepo. Mbona hatusemi mtaa wake ndio haukuwa tayari?

Anguko hilo ndilo la hatari kuliko yote, na sababu ni ya mwili. Aliyekaa miezi bila unga, iwe soba au gerezani, mwili wake umesahau kuuhimili. Akirudia kipimo alichokizoea, pumzi inasimama. Ukimfundisha mtu kwamba kuteleza mara moja ni kurudi sifuri, kwamba siku zake 200 zimefutwa na sasa ni wa ngazi ya chini tena, unampa kila sababu ya kujificha. Atatumia peke yake, mlango umefungwa, kwa aibu, bila mwenzake wa kumtikisa. Wale ndugu waliomwambia asirudi mpaka awe amekusudia kweli watapigiwa simu na mwenye nyumba.

Nijibu shutuma moja kabla ya ile ya mwisho. Sisemi mtu ashurutishwe. Kumfunga kijana mnyororo mtini, kumpeleka polisi ili "akapate akili", au kumlaghai hadi kwenye nyumba yenye geti na mbwa, hayo nayapinga kwa sauti ileile. Hata maneno makali ndani ya chumba cha ushauri yana hasara yake: William Miller na wenzake walionyesha mwaka 1993 kwamba kadiri mshauri alivyomkabili mlevi kwa kumbana, ndivyo mlevi huyo alivyokunywa zaidi mwaka mmoja baadaye. Anayengoja na anayelazimisha wana imani moja, kwamba shida iko kwenye nia ya mtu; mmoja anaisubiri ije, mwingine anaipiga ije. Mimi naomba tiba iwe karibu, iwe leo, iwe inamtosha, na mtu aulizwe tena kesho bila kununiwa kwa kukataa jana.

Shutuma ya mwisho ndiyo yenye nguvu, na wanaoisema wengi ni watu wema waliochoka. Nafasi ni chache, wanasema. Muuguzi mmoja, foleni ndefu, bajeti ya wafadhili inayosinyaa. Lazima tuchague, na kuchagua walio tayari ndiyo busara, kuliko kumpa nafasi atakayeitupa. Nakubali kwamba lazima kuchagua. Lakini kipimo cha nia kinachagua nani? Kinamchagua anayejua kuongea, aliyeoga, mwenye ndugu wa kumsindikiza na nauli ya kuhudhuria vikao vyote vya maandalizi. Kinamwacha aliye karibu zaidi na kufa. Idara ya dharura haipangi foleni hivyo, wala chumba cha kujifungulia. Kama nafasi ni 10, mpeni kwanza mjamzito. Mpeni aliyetoka gerezani wiki hii, aliyezidiwa dozi mwezi huu akaamshwa, anayejidunga akiwa na kifua kikuu, mwenye virusi asiyemeza dawa zake. Hayo yanaonekana kwa macho na kwa vipimo, muuguzi yeyote anaweza kuyaandika kwa dakika tano, na hakuna hata moja kati yake linalohitaji kumuuliza mtu kama amekusudia.